Alirudi Motoni Kumfuata Mwenzake

Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vilivyodumu tangu 1939 hata 1945, watu wengi walifanya matendo ya ushujaa ambayo hayakuandikwa popote, kwa kuwa waliyoyatenda walikufa nayo, na walioyaona wakafa pamoja nao. Habari za kijana Andrew Charles Mynarski wa Kanada nazo zilikuwa karibu kupotea kwa njia hiyo hiyo. Tendo lake lilikuwa na shahidi mmoja tu, naye alikuwa amefungika katika mkia wa eropleni iliyokuwa ikiungua na kuanguka, imejaa mabomu. Hapakuwa na mtu ambaye angetazamia shahidi wa namna hiyo apone na kusimulia.

Mynarski alizaliwa tarehe 14 Oktoba, 1916, katika mji wa Winnipeg, jimbo la Manitoba. Wazazi wake walikuwa watu wa Poland waliohamia Kanada kutafuta maisha. Mji huo u katikati ya nchi tambarare ya ngano, na wakati wa baridi mito na maziwa huganda, hata mtu hupita juu yake kwa miguu. Ndiyo maana kazi ya kutengeneza nguo za manyoya ni kazi yenye wateja huko. Andrew alipokuwa na umri wa miaka 16 baba yake alifariki, mama akabaki na watoto sita. Kijana akaajiriwa kwa mtengenezaji wa nguo hizo, akawa mkataji wa ngozi laini, na kwa muda wa miaka minne akafanya kazi hiyo ili kuisaidia nyumba yao. Hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa kama vijana wengi waliofiwa na baba mapema, wanaojifunza kuuhesabu mshahara kabla haujafika mkononi.

Mwaka 1940 aliingia katika kikosi cha askari wa miguu cha Royal Winnipeg Rifles, lakini hakukaa sana. Mwaka 1941 akajiandikisha katika Jeshi la Anga la Kanada. Kwanza alipelekwa Calgary kujifunza kazi ya simu ya upepo. Huko alama za Morse, zile za nukta na mistari, zilimshinda. Makarani wa posta waliopata kuifanya kazi hiyo wanajua kwamba si kila sikio linaifaa, hata mwenyewe awe na bidii kiasi gani. Basi wakubwa wakamtoa, wakampeleka katika shule ya bunduki za eropleni iliyokuwa Macdonald, huko huko Manitoba. Alipohitimu alivuka bahari mpaka Uingereza, na katika Aprili, 1944, akatiwa katika Kikosi Namba 419 cha Wakanada, kilichokuwa na uwanja wake Middleton St George, katika wilaya ya Durham, kaskazini ya Uingereza.

Kikosi hicho kilitumia eropleni za namna ya Lancaster. Lancaster ilikuwa na injini nne, na toka ncha ya bawa moja mpaka ncha ya bawa la pili ilipata futi 102. Watu saba waliiendesha. Katika eropleni ya Mynarski rubani aliitwa Arthur de Breyne, fundi wa injini Roy Vigars, mwonyesha njia Robert Bodie, mwenye simu ya upepo James Kelly, na mtupa mabomu Jack Friday. Hao watano walikaa mbele, karibu karibu, hata mtu aliweza kumgusa mwenzake. Wawili waliobaki walikuwa walinzi wenye bombomu, yaani bunduki zipigazo risasi mfululizo. Mmoja alikaa katika kibanda cha kioo juu ya mgongo wa eropleni, naye ndiye Mynarski. Wa pili alikaa peke yake mwisho kabisa wa mkia, katika kibanda kingine, naye ndiye Pat Brophy.

Kiti cha mkiani hakikuwa na raha. Mlinzi alikwenda safari nzima akitazama kule walikotoka, katika giza na baridi kali, na sauti za wenzake alizisikia kwa waya tu. Kibanda chake kilikuwa chembamba hata mwavuli wake wa kurukia haukuweza kuingia pamoja naye. Uliachwa umening'inia nyuma ya mgongo wake, ndani ya mwili wa eropleni. Ikitokea hatari, ilimpasa akiweke kibanda sawa na eropleni, afungue vile vilango viwili vya mgongoni, auchukue mwavuli na kuuvaa, kisha akizungushe kibanda upande hata vilango vitazame nje, aanguke kinyumenyume. Kibanda kilizungushwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na injini moja ya upande wa kushoto. Msomaji na alitie hilo moyoni, kwa maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Mynarski na Brophy walikuwa marafiki sana. Brophy alikuwa ofisa na Mynarski hakuwa ofisa, na jeshini watu wa namna hizo mbili hawali meza moja wala hawalali nyumba moja. Kwa hiyo jioni, walipokuwa wakiagana kila mtu aende kwake, Mynarski alikuwa na mzaha wake. Alisimama wima kama askari mbele ya jemadari, akapiga saluti, akamtakia mkubwa wake usiku mwema. Wote wawili walicheka, wakaenda kulala. Kwa hesabu ya vyeo Mynarski naye alikuwa ofisa tangu tarehe 11 Juni, 1944. Siku iliyofuata ndiyo aliyoruka mara ya mwisho.

Kazi yao ilikuwa ya kufa. Watu kama 125,000 walitumika katika eropleni za Uingereza za kutupa mabomu vita hivyo, nao walikuwa wa kujitolea, hakuna aliyelazimishwa kuruka. Katika hao walikufa 55,573. Wakanada peke yao walikuwa kama 10,000. Kijana aliyeanza kazi aliambiwa kwamba akimaliza safari 30 atapumzishwa, na kila mmoja aliweza kuhesabu mwenyewe vitanda vilivyokuwa vitupu asubuhi.

Tarehe 6 Juni, 1944, majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada yalikuwa yameshuka pwani ya Normandy katika Ufaransa. Wajerumani walitaka kuleta askari na vifaru kwa garimoshi ili wawasukume baharini. Basi usiku kwa usiku eropleni zilitumwa kuvunja stesheni na njia za reli nyuma ya mstari wa vita. Stesheni hizo zilikuwa ndani ya miji, na Wafaransa wengi wasio askari waliuawa na mabomu ya watu waliokuja kuwakomboa. Hilo nalo ni sehemu ya habari hii, haifai kufichwa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni eropleni zaidi ya 600 zilipelekwa juu ya miji kadha wa kadha, kama Amiens, Arras na Cambrai. Eropleni ya de Breyne ilipangiwa Cambrai. Ilikuwa safari yao ya 13, na wangefika juu ya mji huo tarehe 13. Wazungu wengi huiogopa hesabu hiyo. Baadaye Brophy alisimulia kwamba walipokuwa wamekaa majanini wakingoja kuondoka, Mynarski aliokota kijani cha klova chenye majani manne, ambacho kwao ni alama ya bahati, akampa yeye akichukue.

Walipokwisha kuvuka pwani ya Ufaransa taa kubwa za Wajerumani ziliwashika. Rubani akaipindua eropleni huku na huku mpaka wakatoka katika mwanga. Walidhani wamepona. Punde si punde Brophy akaona kivuli cha eropleni nyingine kikiwajia kutoka nyuma, akapaza sauti katika waya kumwonya rubani. Ilikuwa Junkers 88, eropleni ya Kijerumani ya kuwinda usiku. De Breyne aligeuza kwa nguvu, lakini adui alikuwa amekwisha kupita chini yao akipiga. Ikasikika mishindo mitatu. Injini mbili za kushoto zikafa pamoja, bawa la kushoto likashika moto, na moto mwingine ukawaka ndani ya mwili wa eropleni, kati ya kibanda cha Mynarski na kile cha Brophy. Waya wa kusemeshana ukakatika.

Rubani alijua kwamba eropleni haiwezi kuokolewa. Kwa kuwa sauti yake haikufika tena nyuma, aliwasha taa nyekundu kwa vipindi, akiandika kwa mwanga herufi ya Morse yenye maana ya kuruka. Watano wa mbele walitoka kwa mlango wa chini. Friday alipoufungua mlango huo ulimpiga usoni, akazimia. Vigars akamfunga mwavuli wake, akamsukuma nje hali hajijui, na mwavuli ukafunguka. De Breyne alizuia eropleni isipinduke mpaka alipodhani kwamba watu wake wote wametoka, kisha naye akaruka.

Huko nyuma mambo yalikuwa mengine. Brophy aliona taa ile. Alikiweka kibanda sawa, akafungua vilango, akaupata mwavuli na kuuvaa. Akataka kukizungusha kibanda aanguke nje. Hakikwenda. Injini iliyosukuma mafuta ilikuwa imekufa, mabomba yamekatika, na mafuta yake ndiyo yaliyokuwa yakiwaka. Kulikuwa na mkono wa chuma wa kukizungusha kwa nguvu za mtu. Brophy akaushika, akauzungusha. Ukavunjika ukabaki mikononi mwake. Mlango haukutazama nje wala ndani, na mtu hakuweza kupita.

Wakati huo Mynarski alikuwa amekwisha kushuka kutoka kibanda chake. Mlango wa kutokea nyuma, ulio upande wa kulia, ulikuwa hapo hapo alipofika. Mwavuli alikuwa nao. Kilichobaki ni hatua moja tu awe nje, katika hewa safi, mbali na moto. Akageuza kichwa kutazama mkiani, akamwona Brophy nyuma ya kioo.

Aliuacha mlango. Kwenda mkiani hakuweza kusimama, maana mwili wa eropleni hupungua upana kadiri unavyokwenda nyuma, ikambidi atambae kwa mikono na magoti. Akapita katika yale mafuta yanayowaka. Alipomfikia Brophy nguo zake zilikuwa zimeshika moto toka kiunoni kwenda chini. Alichukua shoka la hatari lililokuwa humo, akaanza kukipiga kibanda ili kiachie. Kikakataa. Akatupa shoka, akakishika kwa mikono mitupu, akavuta. Brophy alimpigia kelele aende zake, akampungia mkono kwamba haifai, ajiokoe mwenyewe. Kwa ngurumo ya moto na upepo hapakusikika neno, lakini ishara ile ilieleweka.

Ndipo Mynarski alipoacha. Hakuwa na nafasi ya kugeuka. Alirudi kinyumenyume, ametambaa katika moto ule ule mara ya pili, uso wake ukimwelekea rafiki yake muda wote. Alipofika mlangoni alisimama wima, nguo zikiwaka, akapiga saluti. Brophy aliona midomo yake ikisema kitu. Hakuisikia sauti, ila kwa jinsi midomo ilivyokwenda aliyatambua maneno. Yalikuwa yale yale ya kila jioni, ya kumtakia mkubwa wake usiku mwema. Kisha Mynarski akaruka.

Watu wa Ufaransa waliokuwa chini waliona mtu anayewaka akishuka kutoka mbinguni. Mwavuli wake nao ulikuwa umeungua, ukamshusha kwa kasi. Walimkuta yu hai, wakamchukua kwa daktari wa Kijerumani, lakini alikuwa ameungua vibaya sana, hakuweza kupona. Alikufa akiwa na umri wa miaka 27.

Brophy alibaki peke yake katika eropleni isiyo na rubani. Alijikunja akangoja. Kwa jinsi de Breyne alivyoiweka kabla ya kuruka, haikuanguka kwa pua, bali ilishuka kwa mteremko mdogo kama inayotaka kutua, ikagonga ardhi karibu na kijiji cha Gaudiempré. Mti mkubwa ukalikata bawa la kushoto. Eropleni ikazunguka kwa nguvu kama mjeledi, na kile kibanda ambacho shoka na mikono ya mtu havikukiweza kikang'oka chenyewe, kikamtupa Brophy nje. Ndani yake mlikuwa na mabomu ya uzito wa tani kama tano. Yaliyolipuka ni mawili tu. Brophy alipopata fahamu alijipapasa mwili mzima, akaona hakuvunjika hata kidole.

Wako watakaouliza: basi kazi ya Mynarski ilifaa nini, ikiwa Brophy alipona bila msaada wake? Ni kweli kwamba kama angetoka kwa mlango wake mara moja, huenda wote wawili wangaliishi. Lakini hayo yanajulikana kwa sababu tu mambo yamekwisha kupita. Usiku ule, mbele ya macho ya Mynarski, palikuwa na mtu mmoja aliyefungwa katika eropleni iliyojaa mabomu, na mlango mmoja ulio wazi, na dakika chache mno za kuchagua.

Brophy alifichwa na Wafaransa waliokuwa wakipigana na Wajerumani kwa siri. De Breyne, Bodie na Kelly nao walifichwa. Vigars na Friday walikamatwa wakawa mahabusi wa vita. Wakulima walioficha askari wa namna hiyo walijua kwamba wakigunduliwa watauawa, wakawaficha vile vile, ghalani na vyumbani, wakiwalisha chakula ambacho wenyewe hawakuwa nacho cha kutosha. Brophy alifika London katika Septemba, 1944, ndipo aliposikia kwamba Mynarski amekufa. Vita vilipokwisha alionana na de Breyne, akamweleza yote aliyoyaona kutoka mkiani. Rubani alikuwa hajui. Yeye alifikiri kwamba mlinzi wake wa juu alitoka kwa mlango kama wengine, akapatwa na bahati mbaya. Tangu hapo de Breyne hakunyamaza. Alipeleka habari kwa wakubwa, nao wakachunguza neno moja moja.

Tarehe 11 Oktoba, 1946, gazeti la Serikali la London lilitangaza kwamba Mfalme amempa marehemu Andrew Mynarski nishani ya Victoria Cross, iliyo kubwa kupita zote kwa ushujaa mbele ya adui. Watu wa Kenya waliijua nishani hiyo kwa habari ya Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles, mzaliwa wa Kenya, aliyerukia kifaru cha Waitaliani akakifungua kifuniko chake huko Colito, Ethiopia, mwaka 1941, akauawa katika mapigano hayo hayo. Naye nishani yake ilitoka baada ya kufa, mwaka 1945. Ya Mynarski alikabidhiwa mama yake huko Winnipeg, yule mjane ambaye mwanawe alikuwa akimletea mshahara wa kukata ngozi.

Kaburi lake liko Méharicourt, kijiji cha wakulima karibu na Amiens, katika makaburi ya kijiji chenyewe. Katika Manitoba shule moja na maziwa kadhaa yana jina lake. Huko Middleton St George, mahali palipokuwa uwanja wao, sanamu yake ya shaba ilisimamishwa mwaka 2005 kwa fedha zilizochangwa na watu. Amechongwa katika nguo zake za kurukia, mkono wa kulia uko kichwani, anapiga saluti.

Katika Hamilton, jimbo la Ontario, watu wa jumba la makumbusho ya eropleni za vita walichukua Lancaster moja kuukuu, wakaitengeneza kwa miaka mingi mpaka ikaruka tena mwaka 1988, nao wakaipa jina la Mynarski. Mwaka 2014 eropleni hiyo ilivuka bahari mpaka Uingereza, ikaruka pamoja na ile nyingine moja iliyokuwa bado yaweza kuruka, katika zote 7,377 zilizoundwa. Ubavuni imeandikwa herufi VR-A, zile zile zilizokuwa juu ya eropleni iliyoanguka Gaudiempré.